Siku Lincoln alipomsimamia mwenye watumwa

Karani wa mahakama alikuwa mzee wa makamo ya babu yangu, na alinimiminia kahawa kabla shauri halijaitwa. Nilikuwa nimetoka Chicago alfajiri na kuendesha gari hadi Charleston, mji mdogo wa mashariki mwa jimbo la Illinois ambao ni makao makuu ya kaunti ya Coles, ili kumkalimania mama mmoja wa Kikongo. Shauri lake sitalieleza hapa, kwa kuwa kiapo changu hakiniruhusu. Karani alipojua kwamba ndiyo mara yangu ya kwanza kufika pale, alitaka kunipa zawadi ambayo wenyeji wa Illinois hupenda kumpa kila mgeni, yaani habari ya Lincoln, wakili wa jimbo hilo aliyekuja kuwa rais na kutangaza uhuru wa watumwa.

Akaniambia kwamba kwenye kiwanja hiki hiki, katika mahakama iliyotangulia jengo la sasa, Abraham Lincoln aliwahi kusimama kwenye kesi ya mama mmoja mtumwa na watoto wake wanne waliokuwa wakidai uhuru wao. Nilifurahi. Nikamuuliza kama aliwapatia.

Mzee akatazama kikombe chake.

"Waliupata," akasema. "Lakini yeye alikuwa wakili wa bwana wao."

Sikupata nafasi ya kuuliza zaidi. Tuliitwa ndani, nikainua mkono wa kulia, nikaapa kwamba nitafasiri yote na kwa uaminifu, kisha kwa saa mbili nzima nikasema "mimi" kwa niaba ya mtu mwingine, kama kazi yetu inavyotaka. Niliporudi kwenye gari niligundua kwamba lile jibu la karani bado lilikuwa limenikaa kifuani. Sasa ni wiki ya saba, na halijatoka.

## Shamba la pande mbili

Robert Matson alikuwa mtu wa Kentucky, jimbo la utumwa, lakini alimiliki pia shamba katika kaunti ya Coles, upande wa Illinois, ambako katiba ya jimbo ilikataza utumwa. Njia yake ya kuishi na sheria mbili ilikuwa rahisi: kila msimu alileta watumwa kutoka Kentucky kuja kulima na kuvuna, kisha akawarudisha kabla mtu yeyote hajaweza kusema kwamba wamekuwa wakazi, na alihakikisha ametamka mbele ya shahidi kwamba wako pale kwa muda tu. Aliyebaki shambani mwaka mzima ni Anthony Bryant, msimamizi wake, ambaye kwa kukaa huko alikuwa amekwisha kuhesabiwa kuwa mtu huru.

Mwaka 1845 Matson alimleta Jane, mke wa Anthony, pamoja na watoto. Safari hii hakuwarudisha. Miaka miwili ilipita. Kisha mwanamke aliyekuwa akitunza nyumba ya Matson akagombana na Jane, na katika hasira zake akatishia kwamba yeye na watoto watarudishwa Kentucky na kuuzwa kusini, kwenye mashamba ya pamba, mahali ambapo familia zilipotea zisionane tena.

Usiku Anthony aliichukua familia yake wakakimbilia kijiji cha jirani, kwa watu wawili waliojulikana kuuchukia utumwa: Gideon Ashmore, mwenye nyumba ya wageni, na daktari Hiram Rutherford. Matson akaenda kwa vyombo vya sheria. Kwa kuwa Jane na watoto hawakuwa na hati za kuthibitisha uhuru wao, waliwekwa mahabusu katika jela ya Charleston, na humo wakakaa karibu miezi miwili. Mkuu wa polisi wa kaunti alitunza hesabu ya chakula chao: senti 37 kwa kila mtu kwa kila siku.

Nimekaa sana na hizo senti 37. Kesi nyingi za zamani hutufikia kama mabishano ya wanaume wenye majina, lakini ankara ya chakula inamwonyesha mama na watoto wanne wakila chakula cha jela, wakisubiri wengine waamue wao ni nini.

Ashmore na Rutherford waliomba hati ya habeas corpus, yaani amri ya kumtaka anayemshikilia mtu amlete mbele ya jaji na aeleze anamshikilia kwa sheria gani. Matson naye akawadai dola 2,500 kwa kumnyima mali yake, dola 500 kwa kila kichwa. Tarehe 16 Oktoba 1847 shauri lilisikilizwa na majaji wawili, mmoja wao akiwa William Wilson, Jaji Mkuu wa Illinois. Upande wa Matson walikuwapo Usher Linder na Abraham Lincoln, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 38 na alikuwa amekwisha kuchaguliwa kwenda Baraza la Wawakilishi mjini Washington, ila hajaapishwa.

Matson alishindwa. Jane na watoto wakatangazwa huru.

## Mjumbe hauawi

Jambo la kwanza nililolifanya lilikuwa kumtafutia Lincoln udhuru, na udhuru wa kwanza niliouona ulikuwa wangu mwenyewe.

Mkalimani hachagui maneno. Nimewahi kutamka, kwa sauti yangu na kwa nafsi ya kwanza, uongo nilioujua kuwa ni uongo, matusi ambayo mama yangu angenifukuza nyumbani kwa kuyasikia, na vitisho vya mume kwa mke aliyekuwa amekaa mita tatu kutoka nilipo. Nilivitamka vyote bila kupunguza, kwa sababu siku nitakayoanza kuchuja, hakuna atakayekuwa salama nami. Wazee wetu walilijua jambo hili waliposema mjumbe hauawi. Aliyetumwa hubeba, na mzigo ni wa aliyemtuma.

Basi nikajiambia kwamba wakili naye ni mjumbe. Hata jina linaelekea huko. Nilikokulia, Pangani, kabla neno wakili halijamaanisha mtu wa joho jeusi lilimaanisha mtu anayesimama mahali pa mwingine. Mjomba wangu aliwahi kuwa wakili wa bwana harusi aliyekuwa baharini. Alikaa mbele ya kadhi, akapokea mkono, akasema "nimeikubali ndoa hii kwa niaba ya fulani", na hakuna aliyedhani kwamba mjomba ameoa. Kwa nini basi nimfikirie Lincoln kuwa alikuwa na watumwa kwa sababu tu alikaa mahali pa mwenye watumwa?

Hoja hii ilinituliza kwa siku nne hivi.

Kilichoivunja ni jambo ambalo daktari Rutherford alilisimulia uzeeni. Alisema kwamba alipopata habari ya madai ya Matson alikwenda kumtafuta Lincoln mjini Charleston na kumwomba amtetee, na kwamba Lincoln alimsikiliza kwa uso mzito kisha akamjibu kuwa hawezi, kwa kuwa upande wa Matson ulikwisha kuzungumza naye. Baadaye Lincoln akamtumia ujumbe kwamba sasa anaweza kuachiliwa na Matson na kuchukua upande wake, lakini Rutherford alikuwa amekwisha kuumia moyoni na kuajiri mtu mwingine.

Kumbukumbu ya mzee inayosimuliwa baada ya miongo si hati ya mahakama, na naipokea hivyo. Lakini hata tukiiweka kando, jambo moja linabaki. Uingereza kuna desturi ya zamani inayomtaka wakili wa mahakamani ampokee mteja wa kwanza anayefika, kama dereva wa teksi anavyompokea abiria aliye mbele ya foleni. Marekani haijawahi kuwa na desturi hiyo. Wakili wa Illinois mwaka 1847 alikuwa na uhuru kamili wa kumwambia Matson kwamba hataichukua kesi yake.

Mimi huitwa na mahakama, nikakaa katikati, na hubeba maneno ya pande zote mbili. Lincoln hakukaa katikati. Alichagua meza.

Na katika Kiswahili kuna ukali wa pekee katika jambo hili, kwa sababu mtumwa na mjumbe ni watoto wa tendo moja: wote wawili wametumwa. Tofauti yao ni kwamba mjumbe angeweza kukataa. Katika chumba kile cha Charleston, kati ya Jane Bryant na Abraham Lincoln, ni mmoja tu aliyekuwa na uwezo wa kusema sitaki.

## Hakuwa mgeni wa jambo hili

Ningependa sana kusema kwamba mwaka 1847 alikuwa bado hajafunguka macho. Siwezi.

Mwaka 1837, akiwa mbunge kijana wa Illinois, yeye na mwenzake mmoja waliandikisha pingamizi rasmi wakisema kwamba utumwa umejengwa juu ya dhuluma na sera mbaya, wakati ambapo karibu bunge zima lilikuwa limepiga kura kuwalaani wapinga utumwa. Mwaka 1841 alisafiri kwa meli ya mto Ohio pamoja na watumwa kumi au kumi na wawili waliofungwa minyororo pamoja, na miaka kumi na minne baadaye alimwandikia rafiki yake kwamba picha ile ilikuwa mateso yasiyokoma kwake. Na mwaka huo huo wa 1841, mbele ya Mahakama Kuu ya Illinois, alishinda kesi iliyohusu mauzo ya msichana mweusi aliyeitwa Nance. Alijenga hoja kwamba katika jimbo lile kila mtu huhesabiwa kuwa huru mpaka ithibitishwe vinginevyo, na kwa hiyo hati ya deni iliyotolewa kumnunua mtu ambaye hakuthibitishwa kuwa mtumwa haina thamani. Mahakama ikakubaliana naye.

Aliijua hoja ya kumwokoa Jane. Aliwahi kuitumia yeye mwenyewe.

Wanaomtetea husema kwamba siku ile ya Oktoba hakupigana kwa moyo wake wote, na kweli baadhi ya mawakili waliokuwapo walikumbuka baadaye kwamba hotuba yake ilikuwa dhaifu, isiyofanana na alivyozoeleka. Kwa muda nilikishika kisa hiki kama mtu anayeshika ubao baharini. Kisha nikakiona vizuri. Ikiwa alilegeza makusudi, basi alimsaliti mteja aliyemwamini, jambo ambalo ni doa baya kwa mtu aliyewaandikia mawakili vijana kwamba, kama mtu anajiona hawezi kuwa wakili mwaminifu, basi aamue kuwa mwaminifu bila kuwa wakili. Ikiwa hakulegeza, basi alitumia akili yake yote kujaribu kumrudisha mama na watoto wanne Kentucky. Hakuna mlango wa tatu.

Mimi naamini hakulegeza. Naamini kesi ilikuwa dhaifu, na hata Lincoln hakuweza kuinenepesha.

Tusisahau kwamba uwakili ulikuwa ndiyo maisha yake. Mtu huyu alizaliwa Kentucky mwaka 1809 katika nyumba ya magogo, jumla ya masomo yake ya darasani haikufika mwaka mmoja, akajisomea sheria kwa vitabu vya kuazima na kupata leseni mwaka 1836. Katika maisha yake ya kazi alishiriki maelfu ya kesi, nyingi zikiwa za madeni, na mara mbili kwa mwaka alizunguka kaunti kwa kaunti juu ya farasi pamoja na jaji na mawakili wenzake, wakilala vitanda vya nyumba za wageni wawili wawili. Katika maisha ya namna hiyo, kesi ni mkate. Leo unamtetea mdai, kesho mdaiwa, na jioni mnacheka pamoja mezani. Kinyozi wa Springfield, William de Fleurville, mtu mweusi mzaliwa wa Haiti, alikuwa rafiki na mteja wake, na Lincoln alimsimamizia mambo yake ya viwanja kwa miaka. Matson naye alikuwa mteja.

Naelewa. Ila kuelewa hakujanifikisha kwenye kuridhika.

## Tarehe 16 Oktoba

Jambo lililobadilisha namna ninavyoisoma kesi hii nililikuta usiku mmoja wa wiki ya nne, nilipokuwa nikisoma hotuba aliyoitoa Peoria, mji wa Illinois, mwaka 1854. Sheria mpya ya Kansas na Nebraska ilikuwa imefungua ardhi za magharibi kwa utumwa, na Lincoln, ambaye baada ya muhula mmoja tu huko Washington alikuwa amerudi kwenye uwakili na kuanza kuisahau siasa, alisimama kuipinga kwa hotuba ya karibu saa tatu. Ndiyo hotuba iliyomrudisha uwanjani. Niliwahi kusoma vipande vyake. Safari hii nilitazama tarehe.

Ilikuwa 16 Oktoba. Miaka saba kamili, siku kwa siku, tangu asimame kwa ajili ya Matson.

Sidhani kwamba aliichagua siku hiyo, na sidhani hata kwamba aliikumbuka. Lakini sikiliza anachokijibu. Watu wa kusini walisema kwamba haki sawa inadai waruhusiwe kwenda na watumwa wao kwenye ardhi mpya kama mtu wa kaskazini anavyokwenda na mifugo yake. Lincoln akasema kwamba hoja hiyo ni sahihi kabisa kimantiki, kama hakuna tofauti kati ya nguruwe na mtu mweusi. Kwa kuwa hunikatazi kumpeleka nguruwe wangu Nebraska, nami nisikukataze kumpeleka mtumwa wako. Kila kitu, akasema, kinategemea kama mtu mweusi ni mtu au si mtu. Na akiwa ni mtu, basi hakuna aliye mwema kiasi cha kumtawala mwenzake bila ridhaa yake.

Nilikisoma kifungu kile mara tatu.

Hoja anayoivunja ndiyo ile ile aliyoijenga Charleston. Matson alikuwa mkulima anayevusha mali yake mpaka wa jimbo ili ikafanye kazi shambani kisha airudishe, na wakili wake aliiomba mahakama iione hivyo: wafanyakazi wa msimu, mali ya Kentucky iliyo safarini. Miaka saba baadaye wakili yule anaishika hoja, anaigeuza, anaionyesha ilivyo kwa ndani, na inakuwa ni habari ya nguruwe. Mtu hawezi kuibomoa nyumba kwa ustadi kama huo ila awe amewahi kuishi ndani yake.

Sisemi kwamba Jane ndiye aliyemfundisha. Hakuna mahali alipomtaja. Nasema tu kwamba alijua uzito wa hoja ile kwa mikono yake, kwa kuwa aliwahi kuibeba.

## Charleston tena

Laiti ningeweza kuishia Peoria, maana pale hadithi inapanda vizuri. Lakini alirudi Charleston.

Tarehe 18 Septemba 1858, katika mdahalo wake wa nne na Stephen Douglas, walipokuwa wakigombea useneta, Lincoln alisimama mbele ya maelfu ya watu katika kiwanja cha maonyesho cha mji huu huu na kuanza kwa kusema kwamba yeye hajapata kuunga mkono usawa wa kijamii na kisiasa kati ya weupe na weusi. Kwamba hataki weusi wawe wapiga kura, wala wazee wa baraza la mahakama, wala washike ofisi, wala waoane na weupe.

Wala wazee wa baraza la mahakama. Alisema hivyo mwendo mfupi tu kutoka mahakama ambamo Jane alikaa kimya.

Najua maelezo yake: Douglas alikuwa akimchafulia jina kwa kumwita mpenda weusi, na sheria za Illinois zenyewe zilikuwa kali mno hata jimbo lilikuwa limepiga marufuku watu weusi kuhamia. Mwanasiasa aliyesema vinginevyo asingechaguliwa. Aliyasema, na hata hivyo hakuchaguliwa. Nimeisoma sehemu ile kwa sauti, kama ninavyofanya na maandishi ninayojiandaa kuyakalimani, na ulimi wangu uliyakataa. Hapa hakuwa amekaa mahali pa mtu mwingine. Hapa "mimi" ilikuwa ni mimi yake.

Kwa hiyo kwangu Charleston ya 1858 ni nzito kuliko ya 1847.

Kaunti hii ilikuwa karibu naye kwa namna nyingine pia. Baba yake alikufa hapa mwaka 1851, na Lincoln hakuja. Mama yake wa kambo, Sarah, aliyempenda kwa dhati, aliishi hapa, na mwishoni mwa Januari 1861, akiwa tayari ni rais mteule, alisafiri kuja kumuaga kabla ya kwenda Washington. Hawakuonana tena.

## Karatasi kavu

Wengi hulalamika kwamba Tangazo la Ukombozi la tarehe 1 Januari 1863, ambalo kwalo Lincoln, katikati ya vita na majimbo ya kusini yaliyoasi, aliwatangaza huru watumwa wa maeneo yenye uasi, halina uzuri wa lugha. Ni kweli. Mtu aliyeweza kuandika maneno ya Gettysburg, hotuba yake mashuhuri ya wakati wa vita, aliandika pale kitu kinachofanana na hati ya kuhamisha shamba: majimbo yanatajwa moja moja, parokia za Louisiana, yaani kaunti zake, zinaorodheshwa, kaunti za Virginia zinatengwa. Majimbo ya utumwa yaliyobaki upande wa serikali hayakuguswa. Kentucky haikuguswa, jimbo alikozaliwa yeye na alikotoka Matson.

Zamani nililiona hilo kama ubaridi. Tangu nianze kusumbuliwa na kesi hii nimeanza kuliona kama kazi ya mtu aliyejua, kwa kuwa aliwahi kukaa meza ile nyingine, ni mlango gani wakili wa mwenye watumwa angeupitia. Mamlaka yake kama amiri jeshi mkuu yalifika mahali penye uasi na si zaidi. Neno moja la ziada lingempa wakili wa kesho nafasi ya kuliangusha tangazo zima. Aliandika kwa ajili ya jaji mkali ambaye hajazaliwa bado. Kisha, kwa kuwa alijua kwamba hata hati ile inaweza kubishaniwa vita vikiisha, alisukuma Marekebisho ya 13 ya Katiba, ya kufuta utumwa nchi nzima, mpaka yakapita katika Baraza la Wawakilishi tarehe 31 Januari 1865 kwa kura 119 dhidi ya 56. Yalipoidhinishwa na majimbo mwishoni mwa mwaka huo, Kentucky nayo ikaguswa.

Lakini sitaki kuifanya kesi ya Matson kuwa shule ya lazima, kana kwamba ilibidi Jane alale jela ili rais ajifunze kuandika vizuri. Hakuna mtoto aliyeumbwa awe somo la mtu mwingine.

Tena kuna Liberia. Familia ya Bryant, baada ya kushinda, ilisafirishwa kwenda huko, ng'ambo ya bahari, katika nchi ambayo hawakuwahi kuiona. Na Agosti 1862, wiki chache kabla ya kutangaza nia yake ya kuwaweka watumwa huru, Lincoln aliwakaribisha viongozi weusi Ikulu na kuwaambia kwamba ingekuwa heri kwa jamii zote mbili zikitengana, akiwaomba wakubali kuhama. Miezi hiyo miwili mitatu inanipa taabu kuisoma. Anashika uhuru kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine anaonyesha njia ya bandarini.

## Watoto wa kambo

Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa huko Maryland, aliyemjua Lincoln uso kwa uso na kumgombeza kwa maandishi mara nyingi, alizungumza mwaka 1876 mjini Washington wakati sanamu ya ukombozi ilipozinduliwa, Rais Grant akiwa amekaa pale pale. Aliwaambia wasikilizaji wake weupe kwamba wao ndio watoto wa Abraham Lincoln, na kwamba weusi, hata wakibahatika sana, walikuwa watoto wake wa kambo tu. Akasema kwamba ukimtazama kutoka uwanja wa wapinga utumwa, Lincoln alionekana mzito, baridi, asiyejali. Lakini ukimpima kwa hisia za nchi aliyopaswa kuiongoza, alikuwa mwepesi, mwenye ari na aliyeazimia.

Nimeipenda hotuba ile kwa sababu haichagui. Inayasema yote mawili, mchana kweupe, mbele ya rais, na hailainishi moja ili lingine lipite.

Nafikiri pia juu ya neno la kambo, kwa kuwa Lincoln mwenyewe alilelewa na mama wa kambo, Sarah yule yule, akampenda kuliko alivyompenda baba wa damu. Hilo Douglass hakulitaja, na huenda halina uhusiano. Ila limeniganda.

Tarehe 11 Aprili 1865, akizungumza kutoka dirisha la Ikulu, Lincoln alisema hadharani kwamba angependa baadhi ya wanaume weusi wapewe haki ya kura, wale wenye akili nyingi na wale waliopigana kama askari. Baadhi tu. Hata hivyo ilikuwa mbali sana na Charleston ya 1858, na hakuna rais aliyewahi kulisema kabla yake. John Wilkes Booth, mwigizaji aliyekuwa upande wa kusini, alikuwa miongoni mwa waliosimama uani wakisikiliza. Siku tatu baadaye alimpiga Lincoln risasi na kumwua.

## Kiti cha Jane

Katika wiki hizi zote kuna mtu mmoja ambaye sijaweza kumsikia. Mawakili wanne wamenukuliwa au kukumbukwa, majaji wawili, daktari, mwenye nyumba ya wageni. Jane Bryant hana neno lolote. Na si kwamba karani alisahau kuandika. Sheria ya Illinois wakati ule haikumruhusu mtu mweusi kutoa ushahidi katika shauri linalomhusu mtu mweupe, na katazo hilo liliondolewa mwaka 1865 tu. Alikaa pale na watoto wake, wanaume wakabishana kwa saa nyingi kama anaishi Illinois au anapita tu, na yeye peke yake ndiye aliyejua jibu, kwa kuwa alikuwa amepika, amefua na kulima mahali pale kwa miaka miwili.

Tulirudi Charleston juma lililopita, kwa kuwa shauri letu lilikuwa limeahirishwa. Karani alinimiminia kahawa tena. Nilimwambia kwamba nimeisoma ile kesi, akatikisa kichwa taratibu, hakuniuliza nimeonaje, nami sikumwambia. Tuliingia. Niliapa. Mama niliyekuwa nimekaa kando yake alikuwa amevaa kitenge cha bluu, na mikono yake ilikuwa juu ya meza, imetulia.

Kabla ya kufunga, jaji alimgeukia yeye, si wakili wake wala mimi, akamuuliza kama kuna jambo lolote angependa mahakama ilisikie kutoka kwake.

Alifikiri kidogo. Kisha akasema, "Ndiyo, mheshimiwa, mimi ninalo," na nikafungua kinywa changu nikaanza kwa mimi.